Makaa ya Mwisho ya Kampuni

Kampuni ya baba yangu ilikuwa na wafanyakazi wawili, yeye na mdogo wake, na shoka moja. Usicheke. Alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu KAMPUNI YA MAKAA juu ya ubao, akaupigilia kwenye lango la boma letu, kando ya barabara ya Mbita, na miaka ile ya tisini watu walipita wakimwita "Mkurugenzi!" Alilipenda sana jina hilo. Mteja wake mkubwa alikuwa hospitali ya misheni kule Homa Bay, magunia ishirini kila mwisho wa mwezi. Ni kwa kupeleka makaa hayo ndipo aliponitafutia mimi, bintiye, kazi ya upishi pale pale.

Halafu masista wakaleta gesi ya mavi ya ng'ombe. Walichimba shimo nyuma ya zizi lao, wakalijengea kwa saruji, wakavuta bomba hadi jikoni. Mimi ndiye niliyechaguliwa kufunzwa kuiendesha. Nilipomsimulia baba, alicheka hadi akakohoa.

"Yawa! Mgonjwa anywe uji uliopikwa kwa mavi? Nyara, binti yangu, kwani watu wataacha kula? Basi makaa yapo tu."

Gesi ikawaka. Sista aliyesimamia jikoni akaniita, akasema kwa upole, "Mwambie mzee asilete tena makaa. Mwambie mapema, asije akahangaika bure." Nikasema nitamwambia Jumamosi nikienda nyumbani.

Jumamosi nilimkuta ameketi ananoa shoka. Kilima chetu kilikuwa upara mtupu. Walikuwa wamechoma hadi vichaka. Mti mkubwa uliobaki ulikuwa mmoja, ober uliofunika kaburi la mama yake pale bomani. Kila alasiri aliweka kiti chake hapo, akamwamkua mama yake kwa sauti, kisha akafungulia redio.

"Hospitali wanangoja mzigo," akaniambia. "Sijawahi kuwaangusha. Huu ndio mti uliobaki. Wewe unasemaje?"

Aliniuliza. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba aliniuliza. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikautazama ule ubao langoni, nikajitazama na gauni langu jipya la kazi, nikashikwa na haya. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiwasha hiyo gesi kila asubuhi! Nikajidanganya kwamba nitamwambia baada ya chai. Mjinga mimi. Nikasema, "Ni mti tu, Baba."

Wakaukata. Wakapanga magogo, wakayafunika kwa nyasi na udongo, wakatia moto. Tanuri lilitoa moshi mweupe siku nyingi, na baba akalilinda kama anauguza mtu, akingoja moshi ugeuke bluu ndipo azibe matundu. Jumamosi mbili zaidi nilienda nyumbani nikarudi, sikusema kitu. Makaa yalitoka mazuri ajabu, mazito, ukiyagonga yanalia kama chuma.

Siku ya kupeleka, pikapu ya kukodi iliingia hospitalini na baba na magunia yote ishirini. Sista akatoka akipangusa mikono. Akayatazama magunia, akanitazama mimi.

"Lakini mzee, si binti yako alikuambia tumeacha makaa?"

Akamkaribisha jikoni ajionee. Akafungua koki, akawasha kiberiti, na moto ukashika chini ya sufuria, bila moshi, bila jivu. Baba akainama, akachungulia chini ya sufuria. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Aliniambia, Sista," baba akasema. "Aliniambia vizuri kabisa. Mimi ndiye nimesahau. Uzee huu."

Hakuwa mzee. Na hakuwahi kusahau kitu maishani mwake.

Magunia yakarudi nyumbani. Alikataa kuyauza, mama yangu akayapikia karibu mwaka mzima. Shoka likaingia chini ya kitanda, ubao ukatolewa langoni, sijui ulienda wapi. Kila Jumamosi niliwekewa chai iliyochemshwa kwa makaa ya ule mti wa kaburi la nyanya yangu.

Hakunigombeza hata siku moja. Laiti angenigombeza! Aliniuliza tu, "Gesi inaendelea vizuri?"

"Vizuri, Baba."

Kisha aliinuka kusogeza kiti, maana kivuli cha ukuta wa nyumba kilikuwa kimeshamkimbia, na kule kwenye kaburi la mama yake jua lilikuwa linapiga.