Kipande cha Tano cha Bi Mwanne

Saa tatu asubuhi, Ijumaa, Bi Mwanne Mwinyimadi anakoroga gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria ndogo, nyepesi kama uji wa mgonjwa. Jicho moja lipo jikoni, jingine njiani. Mara tatu ameinuka kuchungulia. Gundi imeshika chini.

"Haijawahi kuniungulia," anasema akikwangua. "Leo mkono si wangu."

Mama huyu wa miaka 61, mkazi wa Mbwawa, Kibaha, anajalidi vitabu: juzuu zilizochakaa, Biblia za majirani waliohamia, madaftari ya vikoba. Jalada moja ni shilingi elfu nne, na wiki ikiwa njema hupata sita au saba. Ufundi alipewa na marehemu baba yake kwao Mzenga, Kisarawe, pamoja na kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu.

Saa nne mteja anakuja kuchukua kazi yake. Huyo ndiye anayemtia hofu.

Ni kijana aliyejitambulisha kwa jina la Badru, akasema anasoma historia chuoni. Alifika mara ya kwanza miezi miwili iliyopita na karatasi kuukuu ndani ya mfuko wa rambo.

"Shikamoo yake tamu, mpaka nikamtilia chai," anasimulia Bi Mwanne. Kijana akarudi tena, na tena, kila safari na fungu jingine. Safari ya nne akasema, "Mama, yaunganishe yote jalada moja."

Wateja wa Bi Mwanne hawatoki bila kutegewa kitendawili, na mwandishi naye hakusalimika.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mguu wa kaka ndio kichwa cha mdogo wake."

Mwandishi akashindwa, akatoa mji. Jibu ni karatasi za kale. Chini ya kila ukurasa mwandishi wa zamani aliweka neno linaloanza ukurasa unaofuata, ili zisipotezane.

Fungu la nne la Badru lilikuwa na neno "kisimani" mguuni. Bi Mwanne akaketi chini. Ndani ya sanduku lake mwenyewe, katikati ya karafuu za kufukuza wadudu, kuna karatasi alizoachiwa na baba yake. Zinaanza na neno "Kisimani".

Mafungu hayo ni kitabu kimoja. Mababu wa Mzenga waliandika humo mipaka ya mashamba na makaburi ya ukoo, kisha wakakigawa kwa nyumba tano, ya kina Bi Mwanne ikiwemo, zilizokula kiapo cha kutosemeana vipande vilipo. Wazee wa nyumba hizo hukutana mara moja kwa mwaka, wakati wa maulidi, kinasomwa, kila mmoja anaondoka na chake. Siku hizi wanunuzi wa ardhi hawakauki huko, na mwenye kitabu kizima ndiye atakayesema shamba lipi ni la nani.

Jumanne alikwenda Mzenga, nyumba hadi nyumba. Mzee wa kwanza alishangaa kuulizwa.

"Nimempa yule kijana akakitengeneze, mwanangu. Mchwa walishaanza."

"Na wenzako, baba?"

"Ya wenzangu nayajulia wapi? Si tumeapa kutosemeana?"

Nyumba zote nne jibu lilikuwa hilohilo. Kila mzee alidhani kipande chake peke yake ndicho kilichotoka.

"Siri tuliyoilinda ndiyo iliyotuibia," anasema Bi Mwanne. "Andika, watu wasome."

Saa nne kasoro robo wazee wanne wameketi kwenye benchi lake, kofia mapajani, hakuna anayemtazama mwenzake. Wameomba majina yao yasitajwe. Mbele yao kuna majalada manne mapya, kila fungu na lake.

Badru anaingia, anawaona, tabasamu linakatika. Anaamkia. Marahaba zinatoka moja moja, nzito.

"Kazi yako tayari, baba," Bi Mwanne anamwambia. "Wenye mali hawa hapa. Waombe."

Kijana anapitisha macho juu ya majalada. "Mbona manne, mama? Cha tano kipo wapi?"

Bi Mwanne anaipua sufuria.

"Nani kakwambia vipo vitano?"

Macho ya Badru yanakimbilia benchini, yanarudi, na miguu inafuata mlango. Wazee wanatazamana kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Idadi hiyo waliijua wao tu, na Bi Mwanne.

Kila mmoja anachukua chake na kuondoka, bila kusubiri chai.

Bi Mwanne anaosha sufuria. Anasema sanduku la karafuu limeshahama, na hata wanawe hawajui lilipo. Anapanga kuwaomba wazee, maulidi yajayo, wavunje kile kiapo cha kutosemeana, kila nyumba ijue cha mwenzake kilipo.

Lakini kuna jambo analolitamani kabla ya hapo.

"Mmoja wao alisema. Sitaki kumjua kwa kumpeleleza, ni baba zangu wote wale," anasema, akiweka birika jikoni. "Aje mwenyewe, apitie uani, aniambie, 'Mwanne, ni mimi.' Chai yake nitaiweka kila siku."

Anatoa vikombe viwili.