Kikobe wa Dhahabu

Utomvu wa matembele ukikauka vidoleni huwa na harufu yake, na harufu hiyo ndiyo inayonirudisha utotoni, kijijini Kasokola. Siku ile shambani tulikuwa watatu: mimi, shangazi Veronika, dada yake baba, Mungu amrehemu, na Kabula, mwanae. Huyo Kabula alikuwa mtani wangu, kama ilivyo kwa watoto wa shangazi na mjomba. Na mtani, walituambia, hakasirikiwi.

Tulikuwa tunatoa wadudu kwenye majani. Tuliwaita vikobe, maana gamba la mgongo huwafunika mpaka miguu. Wapo wa kijani, wapo wekundu wenye madoa meusi, na kwa nadra sana yupo huyo niliyempata mimi: dhahabu tupu, utadhani kaponyoka machimboni. Nikamtia kwenye kiberiti kitupu nimpelekee mama, aliyekuwa ndani na kichanga.

Kufika nyumbani nikamwachia Kabula kiberiti, nikaenda kisimani. Narudi, nafungua, namkuta mdudu wa kahawia, amelala kama punje ya mtama iliyoungua.

"We Kabula! Wangu yuko wapi?"

"Nimemuuza, nimenunua mume," akacheka. "Nimekuachia huyo, mnafanana sura."

Siku nyingine ningecheka naye. Siku ile nilimwita mwizi, mbele ya mama, mbele ya shangazi. Kicheko kikamkatikia mdomoni. Shangazi alisema tu, "Mtani haitwi mwizi, mwanangu."

Sikuomba radhi. Baada ya mavuno akina Kabula walihamia Kibaoni na ng'ombe wa baba yake. Kabula aliniita mara mbili aniage. Mimi nilijificha nyuma ya kihenge mpaka kengele za ng'ombe zikaisha masikioni.

Juzi, hapa Nsemulwa, mjukuu wangu Neema kaniletea kikobe wa dhahabu kwenye kichupa. "Bibi, huyu na wa kahawia ni walewale." Nikambishia. Nikakipakata kichupa kutwa nzima, hata chai sikuinuka kupika. Jioni mdudu akafa, na dhahabu ikafifia taratibu, mimi naangalia, mpaka akabaki kahawia.

Hakuna aliyemgusa, jamani.

Nyie mnaosoma, kama nimekosea rangi au jina la mtu, nisahihisheni. Ila Kabula, kama bado upo, anza wewe.