Tishari Lisilofika Uingereza

Usiku ule Mechthild Terlinden hakuvua viatu. Alikaa kitandani katika chumba cha kupanga pale Ruhrort, bandari ya mto Rhine, akisikiliza ngazi. Jioni watu wa mtoni walikuwa wameleta habari kwamba ndege za Waingereza zimepiga bandari za pwani, na huko ndiko alikokuwa Wilm, mwanawe wa pekee, pamoja na Agnes, tishari lao la mizigo lililokuwa pia nyumba yao.

"Lala, mama Wilm," mumewe Dores alisema gizani. "Kukesha hakutamleta."

"Lala wewe uliyemtoa."

Dores akageukia ukuta.

Kiangazi hicho wanajeshi wa nchi yao walikuwa wamekuja gatini kuchagua matishari ya kuvusha askari na farasi kwenda kuivamia Uingereza. Sasa, mtu wa mto Rhine ukimwuliza habari za chombo chake, hata kiwe kinavuja kama tenga, atakisifu. Kukisema vibaya ni kumtusi mamake. Bi Stina tu, mjane jirani yao, ndiye aliyevunja mwiko. Alilia mbele ya ofisa kwamba lake linakunywa maji kama mlevi. Wakamwacha. Dores alipoulizwa, alitunisha kifua.

"Agnes? Ngamani, chini kabisa, mkavu kuliko kanisa! Ukitaka, anakufikisha hata Amerika."

Ofisa akacheka, akalichukua. Dores mwenyewe walimkataa kwa sababu ya nyonga yake mbovu, wakamchukua Wilm badala yake. Kisha wakaikata omo ya Agnes, pua yake ya mbele, na kuweka mlango wa kuteremkia askari. Chombo cha mtoni, chini bapa kama sinia, ndicho walichotaka kukipeleka baharini!

Tangu siku hiyo Mechthild aliomba upepo. Wakubwa walitaka bahari itulie, yeye akaomba ichafuke. Akawaombea na akina mama wa ng'ambo asiowajua, maana mlango ule ungefungukia kwao.

Asubuhi haikuleta neno, wala wiki iliyofuata. Upepo ulivuma. Majani yalipoanza kupukutika, Bi Stina alipanda ngazi akihema.

"Mama Wilm! Safari imeahirishwa! Viwanda vinalilia makaa, matishari yanarudishwa. Yamezibwa pua kwa mbao kama mabondia!"

"Agnes yumo?" Dores akaruka.

"Unauliza chombo au mwanao, wewe mzee?"

Dores akauma mdomo. "Nauliza yule nisiyethubutu kumtaja."

Mechthild hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Akampa mkono, wakashuka pamoja, nyonga mbovu na yote.

Agnes alikuwepo, ubavu mmoja umeungua mweusi. Sitahani hapakuwa na mtu. Dores akaketi gatini. Mechthild akapanda peke yake. Mlango wa chumba cha nyuma, alikomzalia Wilm, ulikuwa umefungwa. Miaka yote aliusukuma kwa kiwiko, mikono imejaa vyombo au nguo mbichi. Leo alibisha kama mgeni.



Akabisha tena. "Wilm? Ni mimi."

Kitu kikaanguka ndani. Kikombe, au kiatu.

"Mama, ngoja nivae suruali!"

Mechthild akaegemeza paji la uso kwenye mbao. Akamshukuru Mungu, akaushukuru upepo, akawashukuru hata wale wakubwa kwa kushindwa kwao. Alikuwa bado anashukuru mlango ulipofunguka.