Mikono Isiyotulia Jioni

Mama mkwe wangu alikuwa na swali moja alilopenda kuniuliza mbele ya watu: "Ni ugonjwa gani huo unaojua saa?" Watu wakicheka, naye alicheka. Kusema kweli lilikuwa swali zuri, zuri kuliko yote niliyokuwa nimeulizwa hospitalini, ila yeye hakuliuliza ili ajibiwe.

Maana mchana nilikuwa mzima. Nilifua, nilipika, nilimwogesha binti yangu mchanga na kumpaka mafuta, na mtu yeyote aliyeingia chumbani kwetu mtaani Kware saa hizo angeapa kwamba sina tatizo. Jua likishatua, nikiketi tu, mikono inaanza. Hayakuwa maumivu. Ilikuwa kama soda iliyotikiswa ndani ya mifupa, kuanzia kwenye viwiko hadi vidoleni, ikitafuta pa kutokea. Nikiirusha mikono huku na huku, au nikikamua nguo, inatulia. Nikiacha, inarudi. Kwa hiyo nilimnyonyesha mtoto kwa vipande: nanyonyesha, namlaza kitandani, natoka koridoni kurusha mikono, narudi. Majirani walinikuta nikikamua nguo zilizokwisha kukauka, wakapeana macho. Sikuwahi kumwangusha mtoto. Nalisema hapa kwa sababu pale nilipolisema hakuna aliyenisikiliza.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka kijijini kwake, magharibi mwa nchi, kumwona mjukuu. Kwetu mama halali chumba kimoja na mwanawe aliyeoa, kwa hiyo alilala kwa binti yake katika mtaa wa Tena, akawa anakuja kwetu mchana na kuondoka kabla ya giza. Yaani aliziona saa zangu nzuri tu. Za jioni alisimuliwa na mume wangu, mtu mpole ambaye upole wake umeniumiza kuliko ukali wa mtu yeyote. Alimweleza mamake kila kitu: nainuka, natembea, narusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Mama akaongeza yake, kwamba ama nimeingiliwa na kitu, ama nimemchoka mtoto na natafuta kisingizio. Hakujali ni lipi kati ya hayo mawili, mradi yote yaishie pamoja: mtoto aende kwake.

Tukaitwa kikao Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwa wifi. Walikuwepo mama mkwe, wifi, mume wangu na akina mama wachache wa kanisa. Shauri la mama lilikuwa jepesi. Niketi kwenye kochi nimpakate mtoto, waimbe, waombe, chai inywewe, mpaka taa ziwashwe. Nikitulia, mtoto anabaki. Nisipotulia, kesho yake anaondoka naye. Nilikubali. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na hata mama yangu mzazi asingenijibu vingine.

Kabla hatujatoka nyumbani, mume wangu alinipa vidonge viwili vya mafua, vile vidogo vya manjano ambavyo watu wa mtaa wetu humeza usingizi ukikataa.

"Meza hizi, zitakutuliza," akasema. "Mimi zikinishika nalala fofofo."

"Na zikinishika nikiwa na mtoto mkononi?"

"Si nitakuwa hapo."

Nikameza. Nyimbo za mwanzo nilizimaliza vizuri, hata nikamwona wifi akimkonyeza kaka yake. Kisha kichwa kikawa kizito na mikono ikaamka, na siku hiyo iliamka na hasira ambayo sijawahi kuiona. Nilibana viwiko mbavuni. Nilijiuma ulimi. Mmoja wa akina mama alikuwa akiomba, ombi refu lililozunguka dunia nzima na kunirudia mimi. Wote walikuwa wamefumba macho isipokuwa mama mkwe. Alikuwa anaangalia mikono yangu, na nikaona anafurahi. Nilimlaza binti yangu katikati ya kochi, nikamwekea mto pembeni asibiringike, nikatoka nje penye kamba za nguo, nikarusha mikono mpaka machozi yakanitoka. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia watu wakisema amina, halafu sauti ya mama mkwe: "Mmejionea."

Asubuhi alipanda basi na mtoto. Maziwa yalinijaa, nikawa nayakamulia kwenye karai.

Daktari aliyeniambia ukweli nilikutana naye baadaye sana, kwenye zahanati, nimeenda kwa sababu ya kizunguzungu tu. Alitazama kucha zangu, akaniuliza kama natafuna odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni. Nilikuwa natafuna tangu nikiwa na mimba. Akaniuliza habari za jioni, nikamwambia huku nikiona aibu. Akasema kuna ugonjwa wa miguu isiyotulia, unaojulikana vizuri, ambao huja jioni mtu akipumzika. Wengi huwashika miguuni, lakini wengine huwashika mikononi, wengine tumboni, na wapo unaowashika hata mdomoni, na hao ndio huitwa waongo zaidi. Damu yangu ilikuwa imeishiwa madini ya chuma. Nilipomtajia vidonge vya manjano aliacha kuandika. Alisema vidonge hivyo huuchochea ugonjwa huo.

Nilimweleza mume wangu nilipofika nyumbani. Alilia. Nami nikaendelea kuosha vyombo, kwa sababu sikuwa na huruma ya kumpa na sikutaka kuitafuta.

Dawa ya madini ilichukua muda, lakini jioni moja niliketi na hakuna kilichokuja. Nikapiga simu kule kijijini. Mama mkwe akasema nisubiri mtoto aache kuharisha. Kisha nisubiri mvua ipite. Kisha akasema mtoto ameshamzoea, nimwonee huruma, kana kwamba huruma ni neno alilolibuni yeye. Binti yangu alikuwa tayari anatembea na kuzungumza nilipokwenda mwenyewe, bila kuaga mtu, nikamchukua uani akicheza. Bibi yake alitufuata barabarani pekupeku, akiniomba nimwache ambebe hadi kituoni tu. Nilikataa. Nilimsikia akilia nyuma yangu na ilinipendeza.

Sasa tunaishi Njiru, mimi na mtoto na baba yake, aliyekwisha kujifunza kunyamaza. Mama mkwe hupiga simu kila jioni akitaka kusikia sauti ya mjukuu tu. Namwambia amelala. Mtoto anakuwa hapo mbele yangu, macho wazi, anasikiliza. Nikikata simu ananisogelea na kuniuliza, kwa adabu aliyofunzwa huko kwa bibi yake: "Anti, mama atakuja kunichukua lini?"

Namwambia hatakuja. Kisha namkumbatia, naye anasimama wima, anangoja nimalize.