Siku Kikwembe Changu Kilipobaki Kwenye Mlango wa Pick-up

Nitawaeleza, lakini msinitazame usoni ninapoeleza, tazameni hizo ndizi kwenye jiko zisiungue, maana aibu hii hata bwana wangu mwenyewe nilimpa nusu tu, nusu ya pili nimekaa nayo miaka yote, na leo kwa sababu tuko wanawake peke yetu, bon, acha itoke.

Ilikuwa wakati wa vita, ile miaka mto ulipofungwa. Gaspard, bwana wangu, alikuwa ameshuka Kinshasa kwa boti, safari fupi tu, aliniachia hata viatu vyake vya kanisani mlangoni, halafu askari wakakata mto katikati na boti hazikupanda tena. Mimi, mtoto wa Butembo, nikabaki Kisangani na watoto wangu na baba yake, Papa Limbaya. Huyo mzee alikuwa mwindaji wa nyavu na mitego (bunduki yake alikuwa ameizika mahali ambapo hakumwambia mtu, kwa sababu siku zile ukishika bunduki lazima uwe wa upande fulani). Kambi yake ilikuwa mbali kupita Masako, na nyama ilifika mjini kwa baiskeli, juani, siku nyingine ikifika unaisikia harufu kabla hujamwona anayeileta. Mji ulikuwa na njaa na nyama ilikuwa inaoza njiani. Ndipo nikauza vitu vyote vya duka langu, tukakubaliana kutafuta pick-up: ya kubeba nyama kutoka porini, na ya kuvuta lile trela ambalo Gaspard aliliacha uani, tulijaze kuni na makaa wakati wa kurudi. Tukikosea gari, tumekwisha. Hakukuwa na kitu kingine cha kuuza.

Sasa lazima mjue pia mambo ya mimi na huyo mzee. Kwao mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana mpaka inachosha. Simpi mkono, sili mbele yake, nikimwona anakuja kwenye njia nyembamba mimi ndiye ninaingia kwenye majani. Kwa Kilingala mkwe anaitwa bokilo, na hilo neno peke yake linakufanya ushike kitambaa cha kichwa uone kama kimekaa sawa. Miaka yote niliyoolewa tulikuwa tumesemezana kwa mbali tu, yeye akitazama mti, mimi nikitazama sufuria.

Basi watu wawili wa namna hiyo ndio tulienda kuchagua gari.

Mfanyabiashara mmoja wa Maniema alikuwa na pick-up mbili uani kwake. Moja ya kijani, rangi imechubuka, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Nyingine nyeupe, jamani, nyeupe kama nguo ya komunyo. Mimi kuendesha nilijua (Gaspard alinifundisha kwenye barabara ya Bangboka, pale ambapo hakuna wa kumgonga), lakini kuendesha na kuchagua ni vitu viwili, sikujua hata mtu anatazama nini. Papa Limbaya naye alikuwa mtu wa miguu, maisha yake yote. Hakufungua boneti wala kupiga magurudumu teke. Alipanda nyuma ya ile ya kijani, akakaa chini, akaegemeza mgongo kwenye kabini, akatulia muda mrefu kama mtu aliye kanisani. Kisha akashuka akaambia ukuta:

"Mama Ester, hii ya kijani iko muzuri."

"Papa, mlango yake iko na waya."

"Ile nyeupe itaonekana mbali. Na askari iko na macho."

Alisema ukweli, na mimi nilijua ni ukweli, lakini nilikuwa nimekwisha kufungua mlango wa ile nyeupe na kuufunga. Pa! Sauti moja tu, kama friji mpya. Nikaufungua tena, nikaufunga tena. Nikafikiri, mzee wangu huyu akipanda gari yenye waya, watu watasema mke wa Gaspard anamtesa bokilo wake. (Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba nilijiona mimi mwenyewe ndani yake nikipita sokoni, kioo kimeshushwa, kiwiko nje.) Nikasema kwa upole kwamba nyeupe itafaa zaidi, na nyuma ina kroshe, ile ndoano ya chuma ya kuvutia, imepakwa rangi vizuri kabisa.

Mzee akauambia tena ukuta: "Bon. Wewe ndiyo unaendesha."

Safari ya kwanza tuliamua kwenda bila trela, kujaribu tu. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa mwenye gari, nikatoa sandukuni kikwembe kipya, kitenge cha wax cha kujifunga, ambacho hakijawahi kufuliwa hata mara moja, na ninyi mnajua kikwembe kisichofuliwa, kinateleza kiunoni kama samaki, hata ukikikaza vipi. Ndani nilivaa jupon fupi, ile sketi nyepesi ya ndani, kwa sababu ya joto. Fupi namna gani msiniulize. Papa Limbaya alikataa kukaa mbele karibu yangu, heshima, akapanda nyuma na lile kabuti lake la porini, tukaondoka, watoto wanapiga makofi.

Tulifika hadi daraja la Tshopo tu.

Hapo kulikuwa na bariere ya askari, mti umelazwa barabarani, na kando yake lori lao limeingia kwenye mfereji, gurudumu moja limezama lote. Komanda wao alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, akaizunguka pick-up yangu polepole, akaipapasa kwenye bega kama ng'ombe.

"Mama, gari iko ya nani?"

"Ya bwana yangu, komanda."

"Iko wapi, bwana yako?"

Nikasema Kinshasa, na palepale nikajua nimejichimbia shimo, maana Kinshasa ilikuwa upande wa adui. Akatabasamu. "Alors, haiko na mwenyewe. Iko muzuri, hii. Itafanya kazi ya jeshi. Lakini kwanza ivute lori yetu, tuone nguvu yake."

Nilitazama kwenye kioo, nikamwona Papa Limbaya anashuka nyuma, anasimama kwenye majani. Hakunitazama kwa lawama. Ningependa angenitazama kwa lawama.

Wakafunga kamba ya chuma kwenye kroshe. Mimi nilishuka kuwaonyesha mahali pa kufunga, nikapanda tena haraka, nikavuta mlango, pa! ukafunga vizuri sana kama kawaida yake. Sikuona kwamba pindo la kikwembe changu limebaki nje. Nikatia gia, nikakanyaga, motere ikalia, lori likatikisika, nikamwomba Mungu ombi ambalo mwenyewe sikulielewa: nisaidie kuvuta, au nisaidie kushindwa? Nikakanyaga tena.

Halafu kukatokea mlio mmoja, kama wa bunduki, PAA!

Jamani, ilikuwa vita. Mtu hakuuliza. Askari wote chini, wanawake wa mihogo chini, komanda na tumbo lake chini. Mimi upande wangu kulikuwa na askari na silaha zao, kwa hiyo nikateleza juu ya kiti, nikafungua mlango wa pili, nikaruka, nikakimbia mpaka kwenye majani, nikalala kifudifudi si mbali na bokilo wangu. Kimya. Kisha askari mmoja akaanza kucheka, akainua kile kilicholia: kroshe yangu. Ilikuwa imeng'oka nzima pamoja na kipande cha bati, na chini ya ile rangi nzuri chuma chote kilikuwa kutu, unakivunja kwa vidole kama biskuti.

Nikainuka. Hapa ndipo nataka mtazame ndizi. Niliinuka, nikajipangusa majani mikononi, nikaenda mbele ya komanda na heshima yangu yote, nikaanza kumweleza kwamba komanda, mumeona wenyewe, gari hii ni mgonjwa, na mimi ni mama wa watoto. Nilisema vizuri, hata mimi nilijisikia nasema vizuri. Nikashangaa tu kwa nini komanda anatazama juu kwenye nyaya za umeme. Nikashangaa kwa nini wanawake wa mihogo wameshika midomo. Ndipo upepo wa mto ukapita, nikausikia mahali ambapo upepo haupaswi kumfikia mke wa mtu.

Kikwembe kilikuwa kwenye gari. Mlango ulikuwa umekishika pindo, na mimi nilipokimbilia upande wa pili kilibaki kimenyooshwa juu ya kiti kama kitambaa cha mezani. Na mimi nilikuwa nimesimama kwenye barabara kuu, mbele ya jeshi, mbele ya soko, mbele ya baba wa bwana wangu, na ile jupon.

Wakaanza kucheka, si askari mmoja tena, wote. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma. Nilichuchumaa palepale kwenye vumbi nikafunika uso, nikasema moyoni basi, ardhi, fanya kazi yako.

Nikasikia sauti ambayo sikuitambua, kwa sababu sikuwa nimewahi kuisikia ikipanda.

"Geukeni! Geukeni wote! Kila mutu alizaliwa na mama! Huyu iko mutoto yangu!"

Siyo "mama Ester". Siyo "bibi ya Gaspard". Mtoto wangu. Nikafungua vidole kidogo. Papa Limbaya alikuwa anakuja kwangu kinyumenyume, amenipa mgongo, anapapasa njia kwa visigino, na mkono mmoja ameurudisha nyuma umeshika kabuti lake. Mzee mmoja mwembamba katikati ya bunduki zile zote, anatembea kama kaa. Alipofika karibu akasimama, kabuti likining'inia, hakugeuza hata sikio. "Vaa, mutoto yangu. Vaa pole pole. Hakuna haraka."

Na mnaweza kuamini? Waligeuka. Komanda mwenyewe ndiye aligeuka wa kwanza.

Nilivaa. Lilikuwa linanuka moshi na nyavu na mbwa, lilinifika hadi kwenye miguu. Kikwembe, mlango ulikataa kukiachia, kufuli lilikuwa limekitafuna, askari walilazimika kuvuta kwa mikono miwili mpaka kikapasuka katikati. Komanda akaitazama pick-up, akaichukua kroshe kwa yule askari, akaitupa mferejini. "Hii haiko gari, iko sanduku. Papa, kamata mutoto yako, muende na sanduku yenu." Wakainua mti wa bariere. Ndiyo hivyo gari langu lilivyopona: kwa kuwa bovu.

Nilishika usukani lakini sikuweza kutia gia. Papa Limbaya akasimama nje kidogo, anafikiri. Kisha akafungua ule mlango wa pili, akapanda, akakaa mbele. Alijibana kwenye dirisha lake mpaka bega likatoka nje, lakini alikaa. Tukaenda hivyo kilomita na kilomita, msitu pande zote. Baadaye nikapata nguvu ya kuuliza, nikitazama barabara:

"Papa, ile ya kijani, ulijuaje kama iko muzuri?"

"Sikujua." Akakohoa. "Ilikuwa na kadirisha nyuma, kati ya kabini na mahali pa mizigo. Nikasema, kama niko kule nyuma nitaweza kusemesha wewe, hata Gaspard hayuko. Hautaendesha peke yako na mawazo."

Ndugu zangu, nilipunguza mwendo nikajifanya natafuta shimo barabarani, kwa sababu machozi yalikuwa yananizuia kuona.

Kambini wawindaji walishangaa kuona mke wa Gaspard amevaa kabuti zito saa ya jua kali, jasho linanitiririka. Mzee akajibu haraka kabla sijafungua mdomo: "Iko na malaria." Basi wakanihurumia, wakachemsha majani ya kongobololo, ule uchungu unaofika hadi kwenye kisigino, wakanipa kikombe kikubwa, na kwa kuwa mzee alikuwa amesema malaria, nilikunywa chote mbele yao, na kingine wakati wa kuondoka. Nikimtazama Papa Limbaya niliona mabega yake yanatikisika, lakini alikuwa ameugeukia mti.

Sanduku lile lilitubeba mpaka mwisho wa vita. Trela halikulivuta kamwe, lakini nyama lilileta, na watoto hawakulala njaa. Mto ulipofunguliwa Gaspard akapanda na boti, amekonda, na kesho yake alizunguka gari akamuuliza baba yake kroshe ilienda wapi.

"Ilianguka," mzee akasema.

"Ilianguka wapi, Papa?"

"Kwenye njia." Akaendelea kula. Nami nilikuwa nimeketi palepale, sahani yangu magotini, maana siku hizo tulikuwa tumezoea kula pamoja.

Hakumwambia Gaspard. Hakumwambia mtu, mpaka tulipomzika. Mimi nilikiri kwa bwana wangu kwamba kikwembe kilipasuka, basi, na ile jupon nikairuka. Na niliapa siku ile ile, nikiwa bado na uchungu wa kongobololo mdomoni: chini ya kikwembe changu, kama ninapanda gari, hata gari la padri, hata la harusi yangu nikiolewa upya, ninavaa pantalon, suruali kamili. Mnacheka? Hata sasa ninayo. Nendeni, geuzeni ndizi.