Taa Zilizopanga Mstari Juu ya Wamaza

Mimi ni mtu wa kutazama nyota. Nikisha kuosha sahani, natandika mkeka uani, nalala chali, nahesabu zile zinazotembea. Majirani wa hapa Wamaza walisema mjane huyu kichwa kimeharibika. Waseme! Mchana kutwa nilikuwa miguu ya mama mkwe. Tangu mume wangu, mtoto wake wa pekee, afukiwe na udongo kwenye shimo la dhahabu kule Lusangi, yule mama aliacha kutembea. Miaka miwili nambeba: chooni, mtoni, kanisani. Dada zangu wa Kasongo waliniita nirudi kwetu. Nikawajibu, nitamwachia nani?

Jioni moja, giza limeanza tu, taa zikachomoza upande wa Kabambare. Si moja, si mbili! Zaidi ya ishirini, zimepanga mstari kama siafu, zinapanda bila sauti. Mama weee! Nyota nimezizoea, lakini hizo zilinikausha mate. Mtu akapiga kelele, "Droni! Vita imefika!" Basi, kila mtu mguu niponye. Sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, ikaachwa motoni.

Nikakimbilia ndani kumchukua mama mkwe. Nikainama kitandani, nikapapasa. Hayuko. Nikapapasa mvunguni huku nalia, nikidhani ameanguka. Hayuko! Hapo zile taa nikazisahau, nikatoka mbio kumtafuta.

Nilimkuta ng'ambo ya kijito, juu kilimani, ndani ya shamba la mihogo. Amesimama. Hata fimbo hana! Mwalimu wa shule yetu, aliyejificha humo humo, alikuwa anacheka kwa aibu: kumbe zile ni sateliti za intaneti, alishazisikia redioni, woga tu ulimsahaulisha. Sikuwa na habari naye.

"Mama, unatembea?"

Akatazama miguu yake.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ulioshapita, wakati wa kuvuna mupunga."

Hasira zilinipanda, nikamwambia maneno ambayo mkwe haambiwi. Mwaka mzima! Na mgongo wangu huu! Akaniacha nimalize, kisha akasema polepole, "Mutoto wangu iko mu udongo. Ungeniona mzima, ungebaki hapa kufanya nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba ningebaki. Ungekuwa uongo. Nguo zangu nilikwisha kuzifunga zamani, nikingoja tu siku atakayokanyaga chini.