Mgeni Aliyeitikia Spika Yangu Ruaruke

Usiniambie nilikuwa nimechoka, wala usiniambie jua lilinipiga. Mimi ni mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Njombe, na kabla ya kuhamishiwa Ruaruke, huku Pwani, mambo ya mashetani nilikuwa nayacheka. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, saa saba mchana, uani kwangu.

Mke wangu Neema alikuwa na mimba ya miezi saba, na burudani yetu kubwa ilikuwa kutazama filamu sebuleni. Nikataka mdundo mzito, ule unaousikia kifuani. Nikapata spika ya gari ya inchi kumi na mbili na amplifaya, nikajifunza kwenye simu namna ya kutengeneza boksi. Niamini, boksi la kwanza lilikuwa aibu tupu: hewa ilivuja kila kona, likawa linakorota badala ya kudunda. Nikalifumua, nikalipiga gundi upya, nikaziba kona zote kwa silikoni, nikaliacha siku mbili likauke.

Jumamosi nikalitoa nje kulijaribu. Sikuweka wimbo. Niliweka mdundo mtupu wa kupimia spika, duu, duu, duu, nikawa naongeza sauti kidogo kidogo. Ardhi ikatetemeka chini ya ndala zangu. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu!

Ndipo akaingia bibi mmoja mrefu, kajifunga kaniki, anatembea kwa kufuata ule mdundo. Kuku wa jirani walikuwa wanadonoa pale pale njiani. Akapita katikati yao na hakuna hata mmoja aliyesogea. Wewe umewahi kuona kuku wasiompisha mtu?

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Akaitazama spika, kisha mlango wa nyumba, ambamo Neema alikuwa amelala.

"Nimekuja," akasema. "Kiti changu kiko wapi?"

Mimi mtu wa bara ningejua nini? Nikaona ni mgeni, anataka kukaa. "Kipo ndani, bibi. Ngoja..."

Akatabasamu, akaanza kuelekea mlangoni.

"Mwalimu, wasema na nani?" Alikuwa Mama Zuhura, mwenye nyumba wetu, amesimama upande wake wa ua na beseni la nguo, akinitazama mimi tu.

"Na huyu bibi. Anataka kiti."

Beseni likamtoka mikononi. "Zima hiyo ngoma! Mwambie hapana kiti hapa! Mwambie hukumwita!"

Nikachomoa waya. "Bibi, samahani, sikukuita. Najifunza kutengeneza spika tu. Humu ndani hamna kiti chako."

Alikuwa ameshalishika pazia la mlango. Akanigeukia.

"Mbona ngoma umeipiga vizuri?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyevunjika moyo. Kisha akaliachia pazia, akapita tena katikati ya kuku, akaenda zake.

Nikakimbilia ndani. Neema alikuwa amekaa kitandani, jasho linamtiririka. "Mabega yangu yalikuwa yanacheza yenyewe," akasema. "Sasa yametulia." Nikamkumbatia, nikalia kama mtoto. Ah, sijawahi kushusha pumzi kama siku ile!

Jioni Mama Zuhura akanieleza: shetani huitwa kwa ngoma, na kiti chake ni mtu ambaye shetani huyo humpanda kichwani.

Binti yetu alizaliwa salama, sasa anatambaa. Spika tunayo na inanguruma vizuri. Ila mpaka leo, ngoma ya harusi ikilia huko mbali, Neema hujifunika khanga mabegani mpaka iishe.

Kwa hiyo wewe unayeanza kutengeneza spika yako, ijaribu kwa wimbo wenye maneno. Na akikutokea mgeni usiyemjua, muulize kwanza amefuata nini, ndipo umkaribishe. Siku ile Mama Zuhura alikuwa aende Ikwiriri, basi likamwacha. Lingemchukua, mimi ningemfungulia mlango yule bibi kwa mkono wangu.